Hasira Haimwagwi Mara Mbili

Mwanangu, hadi leo nikifumba macho nausikia ule mlio: krrr... tak! Ni tepurekoda ya mgeni ikikwama, asubuhi moja kule kwetu milimani Mwanda, ukungu bado umelalia mahindi. Kaa karibu nikusimulie, uji wako upoe kidogo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kichwa kimejaa ndoto. Akaja msichana wa Kizungu kutoka chuo cha mbali, tukamwita Misi kama tulivyowaita walimu. Alitaka kujifunza lugha yetu ya Kidawida na desturi zetu. Alikuwa na kitabu cha maneno yetu kilichoandikwa na wamisheni wa kwanza, zamani za ukoloni, na humo kutasa, desturi yetu ya mzee kuitoa hasira yake na kubariki, kulielezwa kuwa ni uchawi wa kutema mate.

"Mimi siamini," aliniambia kwa Kiswahili chake. "Nataka kusikia kwa wenyewe."

Nilimpenda kwa neno hilo. Alisalimia watu "Kwawuka!", salamu ya asubuhi, hata jua likizama, na watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nikawa mkalimani wake. Akaniahidi kwamba kazi ikienda vizuri tutakwenda wote Nairobi. Nairobi, mwanangu! Nilishaanza kujiona na viatu vya kisigino.

Asubuhi hiyo Babu alikuwa anatasa. Mghoi, mtoto mchanga wa baba mdogo, alikuwa anakohoa. Zahanati tulishampeleka, na dawa alikuwa anapewa. Lakini kwetu mzee akificha hasira moyoni, hasira hiyo huogopwa isije ikamdhuru mtoto wa nyumba. Na Babu alikuwa nayo: baba mdogo, aliyefanya kazi ya mkonge huko Voi, hakuja kumzika Nyanya. Sasa alikuwa amekuja. Babu akampakata mtoto, akapiga funda la pombe ya miwa, akalinyunyiza kwa kinywa. Kila aliponyunyiza alitoa neno: kwanza uchungu alioufungia moyoni, halafu amani anayowatakia. Baba mdogo, mtu mzima na ndevu zake, alilia kama mtoto. Hata Misi alifuta macho.

Hapo ndipo krrr... tak.

Misi alifungua mashine akakuta utepe umejiviringa kama utumbo wa kuku. Hakuna neno lililoingia. Akaninong'oneza, "Mwambie arudie. Kutoka mwanzo, tafadhali."

"Wakesho," Babu akaniuliza, "mgeni anasemaje?"

Nilijua Babu angejibu nini. Nilijua pia kwamba Nairobi yangu ilikuwa ndani ya ile mashine. Nikamwambia Babu vile vile Misi alivyosema.

Baba mdogo akaruka. "Arudie? Baba, ukirudia mimi nashika gari la Voi sasa hivi!"

Babu akacheka mpaka Mghoi akatikisika mapajani. "Mwambie Misi, mjukuu wangu: hasira ilikuwa moja na nimeimwaga. Nyingine niitoe wapi? Itabidi nimkasirikie huyu tena, ndiyo mashine ishibe."

Nikatafsiri. Misi akaitika kwa kichwa, akafunga mashine yake. Hakukasirika. Lakini baadaye alihamia mlima mwingine kutafuta wazee wengine, akapata na mkalimani mwingine, na huyo ndiye aliyekwenda naye Nairobi.

Nikanuna, mwanangu. Kila niliyekutana naye nilimwambia Babu ameninyima maisha. Jirani nilimwambia, kina mama wa kanisa niliwaambia, na kesho yake nikawaambia tena. Hadi siku moja tukipalilia, Babu akasimama na jembe lake.

"Wakesho, mimi yangu niliimwaga mara moja tu. Wewe yako unaipasha moto kila siku kama kiporo. Utaila mpaka lini?"

Akainama, akaendelea kupalilia.

Mghoi alipona. Kama ni dawa ya zahanati au ni Babu, nyumbani hatukuulizana.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na watu husema hivyo wakisikitika. Mimi nakwambia kuna maji ambayo ni heri yasizoleke. Ukiudhiwa, usifiche, mwendee aliyekuudhi umwambie machoni. Lakini ukishasema, iwe basi. Usisamehe asubuhi, kisha jioni ukalipeleka kosa lile lile kwa majirani likazaliwe upya. Kinywa ni jumba la maneno, usikifanye ghala la machungu. Mungu akupe moyo mwepesi, mwanangu. Akupe na watoto watakaokua bila kubebeshwa hasira zako.

Mimi siku ile ya kupalilia niliacha jembe, nikashuka mtoni peke yangu. Kutasa ni kazi ya wakubwa, si ya msichana wa umri wangu, kwa hiyo nilichungulia kwanza huku na huku. Nikateka maji kwa kiganja, nikapiga funda, nikanyunyiza. Nusu yakaniingia puani, nikakohoa, nikacheka.

"Nilitaka sana kwenda," nikayaambia mawe. "Babu, nilikukasirikia. Sasa basi."

Nikafuta kidevu, nikapanda kurudi shambani.