Bibi na Sheria ya Kupanda Tena

Wiki iliyopita nilipita mbele ya duka la fundi viatu. Alikuwa akisugua begi kuukuu kwa sabuni ya ngozi, na harufu ile iliponifika puani nikasimama mlangoni pale pale. Sikuwa na kiatu cha kushona. Nilisimama tu navuta pumzi, mpaka fundi akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa sana, nimekumbuka farasi.

Nyinyi mnaosoma, msinicheke. Miye mtoto wa Kizanzibari, nimelelewa Hayes, pembeni mwa London, kwenye nyumba ambayo ndege za Heathrow zikipita vikombe hutetemeka kabatini, nami nilimjua farasi kuliko nilivyolijua embe. Ng'ambo ya mfereji palikuwa na shamba, na humo mama mmoja wa Kiingereza, Maureen, alifuga farasi. Ukimsaidia Jumamosi asubuhi kuzoa mavi, kusugua matandiko ya ngozi kwa sabuni kama ile na kubadilisha majani makavu wanayolalia, naye alikupandisha farasi bure. Kwa kuzoa mavi nilikuwa hodari, na hilo nalisema bila haya.

Baba alidhani ni farasi wa kuchezea watoto. Siku aliyosikia kwamba Maureen anafundisha farasi wa mashindano, wale wanaoruka viunzi kwenye televisheni huku watu wakiwawekea pesa, akanikataza kwenda. Hiyo ni kamari, akasema, na kamari haitaingia nyumbani kwake. Na mkumbuke, Maureen alikuwa keshaniahidi kunirukisha kiunzi changu cha kwanza mwisho wa mwezi! Nililia. Nikasusa chakula, na chakula chenyewe siku hiyo kilikuwa pilau, kwa hivyo mnaweza kujua nilivyoumia. Mwishowe Baba, katoka shifti, kachoka na kilio changu, akasema, "Bibi yako akiridhia, na miye nimeridhia."

Alisema vile kwa kuwa alikuwa na hakika Bibi hataridhia. Bibi, mama yake mzazi, ndiye aliyekuwa kadhi wa nyumba yetu. Lipi halali na lipi haramu, mchumba yupi anafaa, mchuzi umekolea au bado, yote yalipita kwake. Baada ya mapinduzi nyumba yake ya Unguja ilichukuliwa, akaja London mtu mzima kabisa, akaanza upya katika chumba cha juu chenye jiko la mafuta ya taa la kupashia joto. Haukupita muda akakusanya watoto wa mtaani kwetu na kuwafungulia chuo cha Kurani humo humo chumbani.

Baba hakuanza upya. Kwetu alikuwa mwalimu. Hapa alipakia mizigo uwanja wa ndege. Alipofika alifanya mtihani wa kumwezesha kusomesha, akafeli, akavitia vitabu vyake kwenye boksi na kulipandisha juu ya kabati. Boksi lile halikutajwa. Mama alilipangusa vumbi, basi.

Bahati yangu ni kwamba Bibi alikuwa mshabiki wa farasi, ila hajijui. Kila Jumamosi mchana alikaa mbele ya televisheni na ungo wa mchele, sauti kaifunga kwa sababu Kiingereza kilimpigia kelele, akiwatazama wakiruka. Tatizo, hakujua nani kashinda. Katika mbio zile farasi wengi huwaangusha wapandaji wao, wakaendelea kukimbia na wenzao, migongo mitupu, wepesi, na pengine mmoja akafika mbele ya wote. Huyo ndiye Bibi aliyemshangilia. Alimpigia vigelegele mpaka mchele ukamwagika, na Mama akaja kuokota huku akinong'ona maneno yake.

Hapo ndipo nilipoanzia. Nilimweleza kwamba farasi aliyefika peke yake hahesabiwi. Lazima afike na mtu wake mgongoni. Bibi alinuna, akaona mnyama kadhulumiwa. Jumamosi iliyofuata nikamweleza kwamba mpandaji hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake, kabla ya mbio na baada yake, na farasi hodari hubebeshwa vipande vya madini ya risasi ndani ya tandiko ili walio dhaifu nao wawe na tamaa. Mikono yake ikasimama kwenye mchele. Akasema watu hawa, kwa hili, wana haki.

Nikamweleza na mafunzo. Farasi hashurutishwi kuruka. Kwanza hulaziwa miti chini, akapita juu yake taratibu, ikainuliwa kidogo kidogo mpaka mwenyewe ajiamini. Siku nyingine hupandishwa kilima mbio, siku nyingine hutembezwa tu, na akirudi miguu yake humwagiwa maji baridi. Bibi akasema ndivyo yeye alivyosomesha chuoni, alifu kwanza, na mtoto anayerukishwa mbele huja kuogopa msahafu. Nilijua nimeshampata.

Lakini lililomshika hasa ni la mwisho. Siku hizo sheria ilimruhusu mpandaji aliyeanguka kumrudia farasi wake, akapanda, akaendelea na viunzi vilivyobaki. Bibi akauliza, hata kama wenzake wameshafika? Nikamwambia hata kama wameshafika, hata kama watu wameshaondoka. Akaniuliza tena, kama asiyesikia. Kisha akainamia ungo wake, akauchagua upya mchele aliokwisha kuuchagua.

Hukumu ilitoka baada ya sala ya Alasiri. Farasi wenyewe hawana neno, Mtume aliwapenda. Anayeweka pesa atajijua na Mola wake. Ila kwanza atakuja kuona kwa macho yake.

Tukaenda sote, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Bibi alivaa koti la Baba juu ya buibui, na mabuti ya mpira aliyoazimwa na Maureen. Miye nilipewa Biskuti, farasi mzee aliyestaafu mashindano, na kiunzi kilikuwa gogo lisilofika hata goti la mtu mzima. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilimgeuza, nikamwelekeza, na Biskuti akaruka vizuri sana. Miye ndiye niliyebaki nyuma.

Nilianguka kwenye tope, uso mbele. Maureen alinishika shingo na mikono, akaona sijavunjika. Baba alikuja mbio, akanifuta uso kwa kitambaa chake, akasema yatosha, twende nyumbani. Moyo wangu ulikatika. Nilijua nikiondoka pale na tope lile sitarudi tena.

Bibi alikuja taratibu, mabuti yakizama.

"Mama, mtoto kaanguka," Baba akamwambia.

"Nimemwona. Sheria yao si yasema aliyeanguka ana ruhusa kupanda tena? Basi mwache apande." Akamtazama mwanawe usoni. "Na wewe, nani kakukataza?"

Nilidhani anamtaka Baba naye apande farasi. Niliangalia tumbo lake, nikamwonea huruma Biskuti. Baba alikitia mfukoni kitambaa chenye tope. Akainama, akafumbata viganja vyake viwili, nikatia mguu humo naye akaninyanyua mpaka juu. Safari hii nilishika manyoya ya shingo kama nilivyofunzwa, tukaruka pamoja, tukatua pamoja. Vigelegele vya Bibi viliwatoa farasi wote vichwa nje ya mabanda.

Wiki ile ile boksi lilishuka kutoka juu ya kabati. Nilidhani Mama anasafisha. Baba alirudia mtihani, akaja kusomesha hisabati shule moja ya Harrow mpaka alipostaafu, na miye nilikuwa mama wa watoto ndipo siku moja, nikiwa naosha vyombo, yale maneno ya Bibi, nani kakukataza, yakanirudia na nikajua yalikuwa ya Baba na boksi lake, si ya farasi. Nawaambia kweli, niliona wivu kidogo. Miaka yote ile niliuhesabu ule kuwa ushindi wangu. Kisha nikalia hapo hapo, mikono ndani ya povu, kwa sababu Bibi alikuwa keshafariki na sikuwahi kumwambia kuwa nimeelewa.

Sheria ile sasa wameibadilisha. Mpandaji akianguka, basi, mbio zake zimekwisha, na kwa usalama wa farasi naona wamefanya vyema. Nilipopata habari nilimpigia simu Baba kumweleza. Nikasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe cha chai.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sisi tuliwahi."