Roketi ya Mkono wa Kushoto

Mkono wa kushoto wa Hashimu ulipigwa kuliko ngoma ya harusi. Shuleni mwalimu aliutandika fimbo. Madrasa ustadhi akaufunga kamba. Haukusikia. Kiwandani ndio uliofungua mabomba ya mvuke miaka tisa, mpaka soko huria lilipopanda mlima na mwenye mkono akapewa barua ya shukrani.

Akarudi Soni kulima mahindi. Kumbe nyani nao walikuwa na soko huria lao: wanabeba, bei hawaulizi. Walimpasua mbwa tumbo, kisha wakamng'ata paja mkewe Sabra, nyama ikaning'inia. Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, akasema siku hizi kila mtu ajitegemee.

Baba mkwe, Mzee Bakari, akapanda kutoka Mazinde akiwa anatoka povu.

"Binti yangu umemuoza nyani? Leo wafe, au naondoka naye!"

Nyani walikaa nyuma ya jabali, upande wa kulia, risasi isingewafikia. Lakini Hashimu alikuwa ametengeneza roketi mbili za bomba la chuma, zenye kukata kona. Kila moja aliifungia chupa ya maji ubavuni kushoto, na kimrija cha mpira mpaka kwenye mdomo wa nyuma. Maji yakiupiga moto kutoka kushoto, moto unasukumwa kulia, mkia unatupwa kushoto, na pua inakata kulia. Kiwandani aliona bomba la mvuke likirushwa hivyo hivyo, likamvunja mwenzake taya.

Akaikamata roketi kwa kushoto.

"We! Mbele ya mkweo unashika chombo kwa mkono wa chooni?"

Adabu ni adabu. Hashimu akaihamishia kulia, nayo ikageuka tumbo juu. Chupa ikawa upande wa pili. Akaiegesha vivyo hivyo kwenye panda ya mti, akawasha.

Roketi ikakata kushoto, alikosimama mzee kwa usalama wake. Ikaondoka na sikio lake, ikapitiliza jikoni, ikamchinja mbuzi bila bismillahi.

"Sabra! Funga mizigo!"

Sabra akachechemea, akawafukuza kuku waliokuwa wakiligombania sikio, akamgeukia baba yake.

"Tate, ungemwachia mkono wake." Akaiweka roketi ya pili kwenye kiganja cha kushoto cha mumewe. "Rusha, baba watoto."

Ikakata kona. Nyuma ya jabali kukapigwa yowe moja, kisha kichwa cha nyani dume kikaja kikibingirika mpaka kwenye mahindi, meno nje.

Mzee Bakari akateremka peke yake. Kwenye kuaga, Hashimu alimpa mkono wa kushoto, na mzee akaupokea.