Mti wa Chai Usiochumwa

Mwaka juzi nilishuka garini Merigi na kopo tupu la kakao ndani ya mkoba, nikaanza kupanda kwa miguu kuelekea shamba nililozaliwa. Mama alikuwa kitandani, amekwisha, na alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: udongo wa chini ya ule mti wa chai, azikwe nao.

Wewe uliyekulia kando ya lami huenda usinielewe upesi. Baba na mama walipofika kule kutoka Mkoa wa Kati, hakukuwa na jirani wa karibu wa kumwomba hata moto. Kulikuwa na mianzi, baridi, na ukungu uliolala shambani hadi saa nne. Waling'oa visiki kwa jembe na panga. Mwaka wa kwanza walikula viazi asubuhi na jioni, vingine vimeozeshwa na mvua. Baba alipenda kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," kisha akacheka, maana mwenyeji wao alikuwa tumbili.

Mvua hizo ndizo zilizomchukua kaka yangu, kifungua mimba, akiwa na miezi minne. Kifua kilimbana, na hospitali ilikuwa mbali mno. Walimzika ukingoni mwa shamba. Mama mmoja Mkipsigis alivuka mto na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, akakaa na mama siku nzima. Miche ya chai ilipokuja, mama alipanda mmoja juu ya kaburi lile. "Huu hauchumwi," alisema, na hiyo ikawa sheria.

Chai isiyochumwa huwa mti. Nilipopata akili, ule ulikuwa umepita paa la nyumba, una maua meupe na nyuki, na michai mingine yote ilinifika kifuani.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoivunja ile sheria. Mikono ilikuwa imepasuka kwa baridi, lori la majani lilikuwa karibu kupita, na matawi ya chini ya ule mti yalikuwa laini. Nikachuma. Mama akaniona.

"Ni yapi?" aliuliza, akitazama kikapu.

"Yamechanganyika, mama."

Hakunipiga. Alikichukua kikapu, akakimwaga chote, kazi ya tangu alfajiri, akayafukia majani kwa jembe. Ulikuwa mwezi ambao hatukuwa na unga wa kutosha. Tulishindia uji mwepesi, na nakiri kwamba siku ile nilimchukia.

Baadaye fujo za kikabila zilikuja, tukaondoka na magodoro mgongoni. Baba aliliuza shamba akiwa mbali. Hakutaka kuliona tena, na alikufa bila kuliona.

Basi, tangu nilipovuka mto nilikuwa natafuta ule mti kwa macho. Sikuuona. Chai ilikuwa imekatwa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, nzuri hata ikaniudhi. Mwenye shamba sasa ni kijana mpole, naye hakuwa na habari yoyote ya kaburi. Alinipa kiti na kikombe cha chai.

"Kulikuwa na mti moja mrefu hapo chini, mama," alisema. "Tulikata ikakuwa sawa na zingine. Ilichipuka vizuri sana."

"Ni upi?"

Alitazama, akacheka kwa aibu. "Sasa hiyo siwezi jua. Zote ni sawa tu."

Nilishindwa kuimaliza ile chai. Nilipita katikati ya mistari nikiinama kutafuta shina nene, lakini kwa miaka ile yote kila shina lilikuwa limenenepa. Mwishowe nilipiga magoti karibu na ukingo, nikachota hapa kidogo na pale kidogo, hadi kopo likajaa.

Niliporudi, mama alilikumbatia kopo kama mtoto. "Mti umerefuka kiasi gani?" aliuliza. Niliinua mkono juu ya kichwa changu, juu kabisa. Akatabasamu. Wiki iliyofuata tulimzika na udongo ule.

Ukipita kule leo utaona chai tu. Hakuna anayejua nani aling'oa visiki, wala nani amelala ukingoni. Hilo naweza kulivumilia, kila shamba lina waliosahauliwa wake. Lakini mama alimwaga kikapu kizima kwa sababu majani yalichanganyika, nami nimemzika na udongo uliochanganyika.