Wajane Wawili, Mstari Mmoja

Nimeitwa mbishi na watu wengi, na wengi wao hawakukosea. Lakini ule ubishi wangu wa ofisini, kwenye kinu cha kuchambua pamba pale Bariadi, sitauombea radhi hadi naingia kaburini.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Chama cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi pekee. Kampuni binafsi zilikuja na malori yao, mizani yao, na baadaye kompyuta zao. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikaa chumba cha mzani na kutunza kumbukumbu za kila mkulima aliyeleta pamba. Ya pili ilikaa ghalani, na ndani yake kulikuwa na orodha ya watakaopewa mbegu za msimu unaofuata. Zilinunuliwa kwa watu tofauti na hazikuelewana hata kidogo. Mjumbe wao nilikuwa mimi. Nachapa orodha huku, navuka nayo uwanja vumbi likinipiga usoni, naiingiza upya kule, jina kwa jina. Kazi ile iliniumiza macho, lakini hakuna jina lililonipita bila kulisoma.

Kisha akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana nadhifu mwenye siidii moja kwenye kasha. Ndani ya siidii kulikuwa na kiunganishi, programu ya kuzifanya kompyuta zile mbili zisomane zenyewe. Waya ulishavutwa kutoka mzani hadi ghalani. Yeye angeondoka baada ya siku mbili, kwa hiyo ilibidi mimi nijifunze kukifunga, na mimi ndiye niliyetakiwa kubonyeza kukubali na kutia sahihi kwamba kimefungwa sawasawa.

Alinieleza kanuni yake. Kiunganishi kinaangalia vitu vinne: jina, jina la mume au baba, kijiji, na mwaka wa kuzaliwa. Vyote vinne vikilingana, huyo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, na mstari wa pili unafutwa. Tukakijaribu kwenye nakala. Orodha ya Sapiwi ikapungua mbele ya macho yangu.

"Imesafisha marudio," akasema, ameridhika. "Data yenu ilikuwa chafu."

Neno lile lilinichoma. Nikachukua orodha ya zamani nikaanza kutafuta waliofutwa, na nilipomkuta wa kwanza nikajua balaa limeingia.

Usukumani pacha hawachaguliwi majina. Anayetangulia kutoka ana jina lake, anayemfuata lake, na majina ni yale yale kila nyumba. Mimi mwenyewe ni pacha wa pili. Nikiitwa sokoni tunageuka wanawake watatu. Sasa pale Sapiwi kulikuwa na mzee, ameshafariki, aliyeoa wake wawili, na wote wawili walikuwa pacha wa pili. Aliacha wajane wenye jina moja, mume mmoja na kijiji kimoja. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, shamba lake, na kinyongo chake kwa mwenzake. Kwenye karatasi kilichobaki cha kuwatenganisha kilikuwa mwaka wa kuzaliwa.

Na mwaka ule niliuandika mimi.

Kabla ya kukalishwa kwenye kompyuta nilikuwa mwandikishaji, nikizunguka na baiskeli kati ya Dutwa na Sapiwi. Mjane mmoja aliniambia alizaliwa mwaka ng'ombe wa baba yake walipokwisha kwa ugonjwa. Mwenzake akasema alizaliwa mwaka mtama ulipokosa pa kuwekwa. Fomu ilitaka tarakimu. Jua lilikuwa kali na bado nilikuwa na kijiji kingine mbele. Kila mzee asiyejua mwaka wake nilimwandikia mwaka ule ule mmoja, unaoishia na sifuri. Nilijiona mjanja. Siku ile ofisini niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Nikamwambia mtaalamu kwamba tumefuta watu walio hai. Akacheka. "Wakikosa mbegu watakuja kulalamika, tutarekebisha."

"Mbegu zinagawiwa wiki ijayo," nikasema. "Mvua haiwezi kungoja malalamiko yao."

Akaenda kumwita meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mgeni wa huku na alipenda mambo yaishe upesi. "Dada, bonyeza tukafanye mengine," akasema. "Mtaalamu ana basi kesho."

Nikautoa mkono kwenye kipanya nikaukalia. Ndiyo, niliukalia, kama mtoto. Nikasema sibonyezi.

"Kuna watu wengi nje ya geti wanaoitaka kazi hii," meneja akasema.

Nilijua. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na hakuna aliyekuwa akinisaidia. Lakini hasira ilishanipanda, na sehemu yake nilijikasirikia mwenyewe. Nikamwambia anipe hadi kesho asubuhi, kisha afanye atakalo. Mchana ule ule nikapanda baiskeli kwenda Sapiwi kuwaita wale wajane.

Asubuhi wajane wakashuka kwenye basi, mmoja mlango wa mbele, mwingine wa nyuma. Mmoja mrefu, mwingine mfupi mwenye mguu mbovu. Nikawapeleka hadi mezani kwa meneja. Wakasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na mtaalamu akajibu shikamoo kwa sauti ndogo.

"Bosi," nikasema, "kompyuta inasema hawa ni mtu mmoja. Nionyeshe yupi asipande msimu huu, nimwambie hapa hapa ukisikia."

Meneja akawatazama, kisha akatazama karatasi zake. Mtaalamu akajaribu kuokoa jahazi. "Lakini mama zangu, nyie si nyumba moja?"

Yule mrefu alicheka hadi akashika meza. "Nyumba moja na huyu? Tangu lini? Hata marehemu mwenyewe hakuthubutu kutuweka nyumba moja."

"Hapo kasema kweli," akasema mfupi. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana kwa miaka mingi.

"Mlizaliwa mwaka gani?" meneja akauliza.

"Aliouandika huyu mwanangu," mrefu akajibu, akininyooshea kidole.

"Na mimi huo huo," akasema mfupi. "Aliandika haraka haraka, maskini, alikuwa na kiu."

Wote wakanigeukia. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Kwa hiyo kosa ni lako," meneja akasema polepole.

"Ni langu," nikasema. "Niandikie barua, nifukuze ukitaka. Lakini mbegu ni zao."

Nilishafikiria njia nikiwa kwenye baiskeli. Kila mkulima alikuwa na kadi ya mzani yenye namba yake, na hakuna wawili waliokuwa na namba moja. Nikamwambia mtaalamu aondoe mwaka wa kuzaliwa kwenye kanuni yake, aweke namba ya kadi. Akanuna, akasema basi litamwacha. Meneja akamwambia kuna basi jingine siku inayofuata.

Mimi sikuachwa hivi hivi. Namba zilikuwa upande wa mzani tu. Kuziingiza zote ghalani kabla ya siku ya mgao ilikuwa adhabu yangu, pamoja na barua ya onyo iliyokaa kwenye faili langu hadi naacha kazi. Vyeo vilipita mbele yangu vikaenda kwa wengine. Sikulia. Niliingiza namba hadi vidole vikafa ganzi, nikakijaribu kiunganishi tena, na nilipoiona mistari miwili ya Sapiwi imekaa mmoja juu ya mwingine, nikabonyeza kukubali.

Siku ya mgao nilisimama dirisha la ghala na orodha mkononi. Nikasoma jina lile. Wakasimama wote wawili, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Mtunza ghala akanitazama, akadhani nimekosea tena.

"Pima mara mbili," nikamwambia.