Chupa ya Mabula

Juzi nilichana pakiti ya ORS jikoni kwangu hapa Bariadi, mwanangu wa mwisho alikuwa anaharisha, na ile harufu ya chungwa la dukani ikanipanda puani. Chungwa ambalo halijawahi kukaa kwenye mti. Nikabaki nimeshika mkasi. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu upande wa Lalago, nina miaka tisa, mdogo wangu Mabula yuko mgongoni na kitenge changu kimelowa.

Mabula alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Alipoanza kuharisha alikuwa na miezi minane, na ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, ambapo kwetu anayebaki nyumbani ni bibi, watoto na mgonjwa. Zahanati walimpa mama pakiti chache na maelekezo: moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kwa kijiko, kila mtoto akiharisha. Alfajiri mama alimnyonyesha, akakoroga dawa kwenye chupa, akanikabidhi. "Minza, jioni niikute imeisha." Mchana angerudi mara moja kunyonyesha, kisha shambani tena. Jiko letu msimu ule liliwashwa jioni tu.

Nilianza vizuri. Mabula akakunja uso, akatema. Nikalamba kijiko ili kisipotee bure, na hapo ndipo nilipoharibu. Maji yale yalikuwa na chumvi, lakini nyuma ya chumvi palikuwa na utamu, na sukari kwetu ilikuwa ya wageni. Kijiko kimoja yeye, kimoja mimi. Baadaye yeye alisinzia, mimi nikaendelea. Nisiwadanganye, ndugu zangu, sikuonja. Nilikunywa.

Jioni mama alitikisa chupa tupu, akanishika kichwa. "Umejitahidi, mwanangu." Sifa ile ilinichoma, lakini haikunichoma vya kutosha, kwa sababu siku ya pili nilifanya vilevile.

Siku ya tatu asubuhi Mabula alilia bila machozi. Utosi ulikuwa umebonyea, macho yameingia ndani. Bibi, mama mzaa baba, sasa akapata la kusema. "Dawa ya zahanati mmempa chupa nzima, na jana nzima tena. Imeshindwa. Huyu ana meno ya plastiki."

Kwetu wengi waliamini hivyo: mtoto akiharisha sana, kuna meno mabaya yamejificha kwenye fizi, lazima yachokolewe. Alikuwepo mama mmoja kijiji cha jirani aliyeifanya kazi hiyo kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Mwaka uliotangulia alimtoa meno mtoto wa jirani yetu. Nilimuona yule mtoto mdomo umejaa damu, na wiki hiyohiyo tukaenda kwenye msiba wao. Bibi alisema walichelewa kumwita. Mama alikuwa amekataa mambo hayo tangu mwanzo, lakini alipoiangalia ile chupa tupu, akakubali aitwe.

Yule mama wa spoki akafika. "Mwangaluka," akatusalimu, kwa upole kabisa, akakaa kwenye kigoda, akaomba maji ya kunawa. Mimi ndiye niliyetumwa kuyaleta. Nilipomwagia mikono yake niliiona spoki imefungwa kwenye kitambaa kilichofuliwa vizuri, kikanyooshwa. Usafi wa kile kitambaa ndio ulionitisha. Nikasema nikiwa naangalia bakuli la maji, "Dawa nimekunywa mimi."

"Unasemaje wewe?" bibi akauliza.

"Ya Mabula. Siku zote mbili. Haijashindwa, hakuipata."

Nilifumba macho kusubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua, mama alikuwa ameshachukua pakiti ya mwisho na yale maji ya kuchemsha. Akakaa chini palepale mbele ya mgeni, akamweka Mabula mapajani, akampa kijiko. Akitema, anasubiri kidogo, anampa kingine, anamnyonyesha, anampa tena. Bibi alinung'unika kwamba tunampotezea mtu muda wake. Mgeni alikunja kitambaa chake akangoja, na sisi wote tukangoja. Jua lilikuwa limefika utosini Mabula alipokojoa. Mkojo ule ulimlowesha mama mpaka magotini, akacheka huku analia. Akamfunga mgongoni, akampeleka zahanati kwa miguu.

Mimi nilijua fimbo yangu imeahirishwa tu. Lakini mama aliporudi jioni na mtoto mzima na pakiti mpya, hakuigusa. Kesho yake alfajiri alinikabidhi chupa, kijiko, na bakuli lililofunikwa la michembe, viazi vitamu vya kukausha. "Hii ni ya Mabula. Hii ni yako." Tangu siku hiyo bakuli halikukosa. Kwa miaka mingi niliamini nilizawadiwa kwa kusema ukweli, na nilijivunia hilo.

Juzi, nimeshika ile pakiti, nilihesabu vitu alivyoniachia mama siku ile ya kwanza: mtoto, chupa, kijiko. Kumbe mama alikuwa ameshahesabu zamani, palepale mbele ya mgeni. Alijua kwa nini mtoto wa miaka tisa anaweza kumaliza lita nzima ya maji ya chumvi.

Niliweka mkasi chini. Kabla sijapima maji, nilimwita binti yangu mkubwa aliyekuwa amembeba mdogo wake, nikamuuliza kama amekula.