Yule Binti wa Kwenye Video

Juzi nilikuwa naangalia filamu ya mauaji na mume wangu. Muziki ulipopungua, na dada wa watu akaanza kunyata kwenda mlangoni peke yake, nilisema, "Muuaji yuko nyuma yake." Na kweli alikuwepo. Siku hizi huwa najua mapema.

Utotoni sikujua. Katika banda la video pale mtaani kwetu Bigwa, madirisha yalizibwa kwa magunia yaliyonuka vumbi la mahindi, na jenereta ilinguruma nje. Mchana mmoja bibi yangu alinifuata huko nikamsaidie kuchambua mboga. Alisimama mlangoni ili anifokee, lakini macho yake yakanasa kwenye skrini. Binti mmoja alikuwa gizani, na nyayo za mtu zilikuwa zikimfuata.

"We mwanangu, geuka!" bibi akapiga kelele. "Yuko nyuma yako!"

Binti akageuka, akamwona muuaji, akatimua mbio. Banda zima likashangilia. Nilimtazama bibi kwa fahari, kwa sababu niliamini kabisa kwamba amesikika, na kwamba asingekuja, binti yule angekufa mbele ya macho yetu. Sikujua kwamba angegeuka vilevile hata kama banda lingekuwa tupu.

Tulirudi nyumbani bibi amenishika mkono, wala hakunigombeza. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Kesho wataionyesha tena?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi twende wote. Yule binti hana mtu wa kumwambia ageuke."