Vilima Nilivyoviita Pori Tu

Shuleni, enzi ya Mreno, nilichapwa kwa sababu ya mlima ambao sijauona hadi leo. Tulitakiwa kukariri milima yote ya Ureno toka kaskazini hadi kusini, nami nikaruka mmoja. Mwalimu alinipiga viganjani kwa kibao chenye matundu mpaka nikaukumbuka. Nyuma ya kichwa chake, dirishani, vilionekana vilima vyetu wenyewe, na hakugeuka hata siku moja kuvitazama. Baada ya uhuru nikawa mimi ndiye mwalimu wa jiografia, nikafundisha Himalaya na Andes miaka nenda rudi, na mimi vilevile sikugeuka. Hilo nalijutia, lakini lina nafuu yake. Lile lisilo na nafuu lilitokea baadaye, gesi ilipogunduliwa baharini.

Ukitoka pwani ya Palma kuelekea bara, kwanza unakanyaga mawe ya matumbawe yanayokata nyayo, kisha minazi na mashamba ya mihogo, kisha mabonde ya mchanga yenye vidimbwi na mayungiyungi. Hapo ndipo ardhi inapoinuka. Si milima ya kutisha. Mmakonde aliyezaliwa kule juu Mueda angeitazama akacheka. Ni mfululizo wa vilima vyekundu unaoanza upande wa Nhica, karibu na mto Ruvuma, na kushuka kusini hadi nyuma ya Olumbi, umevikwa msitu mfupi, mkavu, wenye miiba ya kuchana kanzu. Ubavu unaotazama bahari hupata ukungu alfajiri, kwa hiyo majani yake hukawia kupukutika. Ubavu wa pili ni ukame mtupu.

Niliyoyajua kuhusu vilima hivyo sikuyapata kitabuni. Nilifundishwa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nyumba yake ilikuwa chini ya kilima cha mwisho, na kila kiangazi alinipandisha huko kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini vinavyookoa watu mwezi wa njaa. Alinionyesha msandarusi unavyolia utomvu wa rangi ya asali. Alinionyesha njia ya tembo, pana na safi kuliko barabara ya serikali, na mabungo ambayo kima huyaacha kwa sababu hayajaiva. Kwenye jabali moja kulikuwa na makombe ya bahari yaliyoganda ndani ya jiwe, mwendo wa nusu siku kutoka maji ya chumvi. "Bahari ilikuwa hapa," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha nyumba aliyohama jirani. Wataalamu waliokuja baadaye walisema hivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi.

Ubavuni mwa kilima hicho palikuwa na chemchemi. Kwa jiografia ni jambo jepesi: mvua hushuka ndani ya mchanga, hukutana na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, basi hutafuta upenyo pembeni. Kwa shangazi lilikuwa zito. Pale palikuwa mahali pa mzimu, naye ndiye aliyepatunza, kama mama yake kabla yake. Kijiji kizima kilikunywa hapo visima vilipokauka. Kukata mti juu ya chemchemi ilikuwa mwiko, na sikumbuki mtu aliyethubutu.

Gesi ilipopatikana, barabara zikahitajika, na barabara zinataka changarawe. Wapimaji wakaja kutafuta vilima vya kuchimba. Walimtaka mtu anayejua Kireno sanifu na lugha ya pwani, nikachukuliwa mimi, mwalimu mstaafu. Walinipa buti na kofia ngumu. Kichwa kilinivimba, sitaki kuficha; nilipita sokoni na kofia ile ilhali hakukuwa na chochote cha kuniangukia.

Mkutano ulifanyika barazani mwa shule. Kiongozi wa wapimaji, kijana mpole, alivinyooshea vilima mkono, akauliza kama kuna mahali watu wanapatumia au wanapaheshimu, ili pasiguswe. Nilitafsiri. Watu wote wakamtazama shangazi. Akajifunga vizuri kanga yake, akasema, "Pale hapana kitu, mwanangu. Pori tu."

Kwetu, mahali pa mzimu hapatajwi mbele ya mgeni siku ya kwanza. Akiuliza, unakana. Mgeni mwenye adabu huenda zake, hurudi siku nyingine na ubani na unga wa mtama, huuliza upya. Hapo ndipo anapokalishwa mkekani na kuelezwa yote. Kule kukana si uongo. Ni hodi ya kwanza tu, na hodi hupigwa tatu. Kila aliyekaa barazani alilijua hilo, na mimi nikiwa wa kwanza.

Nikamgeukia yule kijana nikasema kwa Kireno changu kilichonyooka, "Não há nada. É só mato." Hakuna kitu, ni pori tu. Akaandika.

Sentensi moja tu ilibaki, niongeze: rudini wiki ijayo, mje na ubani. Sikuisema. Nilijiambia kwamba kazi ya mkalimani ni kutafsiri kilichosemwa, si kilichonyamaziwa. Hiyo ilikuwa hadaa. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mimi, Mwislamu niliyesoma, mwenye kofia ngumu, niwaeleze wahandisi habari za mzimu na unga! Nilihofia wangecheka, na kazi ingenitoka. Leo naamini yule kijana asingecheka. Angerudi.

Mvua zilipokatika, mashine zilifika kabla ya mgeni yeyote kurudi kuuliza. Zilianza na misandarusi, zikafuata jabali, zikaukata ubavu wa kilima hadi mfinyanzi ukaonekana. Chemchemi ilitoa tope siku kadhaa, kisha ikanyamaza. Wanawake wakaanza kuteka kwenye vidimbwi vya bondeni, maji ya kahawia yanayonuka majani. Tulipolalamika tulionyeshwa karatasi. Ilikuwa na maneno yangu.

Nilikaa siku nyingi bila kwenda kwa shangazi, nikijitia hamnazo. Nilipokwenda nilimkuta kibarazani, amekaa chini kwenye mavumbi. Pembeni palikuwa na mkeka mpya umekunjwa, ule aliousuka kwa ajili ya wageni watakaporudi. Nikampa shikamoo, akaitikia.

"Mwanangu, wale watu uliwaambia warudi?"

"Niliwaambia, shangazi," nikasema. "Hawakutaka."

Akatikisa kichwa. "Basi hawakulelewa," alisema. Kisha akanishika mkono, huu huu niliokuwa nimevalia saa ya kazini. "Usijitese. Wewe umefanya uliloweza."

Alifariki kabla ya mvua nyingine. Hadi mwisho aliwalaani wale wageni kwa kukosa adabu, na mimi akiniombea dua.